Mkono Unajua Nini? Fikira juu ya Ununuzi Mkubwa

Walimu wenzetu wanaofundisha methali wanaijua taabu ya kuulizwa na mwanafunzi mwerevu: "Mwalimu, sasa tufuate ipi?" Maana methali zetu, kama wazee walioketi barazani, hazisemi kwa kauli moja. Moja yatuambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyingine yatudhihaki kwamba mchagua jembe si mkulima, na ya tatu yaongeza kuwa mchagua nazi hupata koroma. Ile ya kwanza yatutaka tukijaribu kitu kabla ya kukisemea. Hizi mbili zamcheka mtu ashikaye na kugeuzageuza mpaka jua likazama, na mwishowe akarudi nyumbani na kibaya kuliko vyote.

Katika makala haya tungependa kulitazama swali hilo mahali lilipo na uzito wa kweli, yaani katika ununuzi mkubwa: ng'ombe wa maziwa, pikipiki, cherehani, kiwanja, au vitabu vya shule nzima. Mkono unajua nini ambacho sikio na jicho havikijui? Na je, kukishika na kukijaribu kitu kabla ya kukilipia ni busara ya mtu binafsi tu, au ni jambo la haki baina ya mnunuzi na muuzaji?

Ukubwa wa ununuzi haupimwi kwa hesabu ya fedha peke yake. Kwa tajiri wa Kampala pikipiki ni kitu kidogo. Kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo, na ambaye atakatwa mshahara kila mwezi kwa muda wa miaka miwili, pikipiki ile ile ni miaka miwili ya maisha yake, na karo ya watoto imo humo humo. Sisi twaona kwamba ununuzi huwa mkubwa pale usipoweza kurudiwa. Anunuaye nyanya akidanganywa leo, kesho huenda kwa mchuuzi mwingine, na baada ya mwaka mmoja vidole vyake vimekwisha kujua kuzitomasa bila yeye mwenyewe kufikiri. Hasara zake ndogo ndogo ndiyo ada aliyolipa kwa masomo hayo. Lakini mkulima mdogo hununua ng'ombe wa maziwa mara moja au mbili katika umri wake, na kiwanja cha kujengea aghalabu mara moja tu. Hapo ndipo penye shida yenyewe. Uzoefu huzaliwa na kurudiarudia, na ununuzi mkubwa ndio ule usiorudiwa. Kwa hiyo pale tunapouhitaji uzoefu kuliko popote, ndipo tunapokuwa nao haba kuliko popote.

Wanafalsafa wa Uingereza wameligusa jambo hili kwa njia yao. Bertrand Russell, katika kitabu chake cha mwaka 1912 juu ya matatizo ya falsafa, alitenga ujuzi unaopatikana kwa kukutana na kitu chenyewe na ule unaopatikana kwa kupewa habari zake. Gilbert Ryle, mwaka 1949, alitofautisha kujua kwamba jambo fulani ni kweli na kujua kulifanya. Kiswahili hakikuvingoja vitabu hivyo. Sisi husema tumeonja mchuzi, na kwa kitenzi hicho hicho husema tumeonja dhiki. Aliyesimuliwa dhiki hatusemi ameionja, hata kama msimulizi alikuwa fundi wa maneno. Na neno ujuzi, ingawa latokana na kujua, katika matumizi limeegemea upande wa mikono: mjuzi wa useremala si yule aliyesoma habari za mbao, bali ni yule ambaye ubao humtii.

Tuchukue ng'ombe, maana hapa mkono una mengi ya kusema. Muuzaji atasema kwamba mnyama huyu hutoa lita kumi na tano kwa siku. Huenda ikawa kweli, na huenda ikawa kweli ya miaka minne iliyopita. Mnunuzi ajuaye kazi humfungua kinywa. Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Katika taya la chini anayo manane, na yale ya utoto hung'oka mawili mawili kuanzia katikati, kwenye umri wa karibu miaka miwili, mpaka yote manane yawe ya utu uzima kwenye umri wa miaka mitano hivi. Baada ya hapo kazi ya mtazamaji ni kupima jinsi yalivyolika. Kisha huinama akakishika kiwele, robo moja baada ya nyingine. Kiwele chema, kikiisha kukamuliwa, hulegea kama mfuko mtupu. Penye ugumu kama jiwe ndani yake pamepita ugonjwa, na yaelekea robo hiyo haitarudia hali yake. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu huyakamulia kiganjani, akatazama kama yana mabonge au yamekuwa majimaji.

Hata hivyo mkono huo nao waweza kuhadaiwa. Kuna wauzaji wasiomkamua ng'ombe asubuhi ya siku ya mnada, ili kiwele kijae na kupendeza macho. Anayekamua mara moja tu, papo hapo mnadani, hukamua maziwa ya muda mrefu akadhani ni ya nusu siku. Kwa sababu hiyo wafugaji wenye hekima hufika kwa mwenye ng'ombe jioni, wakamkamua mpaka kiwele kikawa kitupu, wakalala kijijini, na alfajiri wakamkamua tena kwa mikono yao wenyewe. Maziwa ya alfajiri hiyo hayana nafasi ya kusema uwongo.

Pikipiki nayo ina hila yake. Muuzaji hodari huiwasha na kuipasha moto kabla wewe hujafika, ili isikatae kuwaka mbele yako. Basi jambo la kwanza si kuiwasha bali ni kukisogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto ilhali umeambiwa imelala tangu jana, umekwisha kujifunza jambo moja juu ya pikipiki na jingine juu ya mwenyewe. Moshi wa rangi ya samawati ni dalili kwamba inaunguza oili. Na kama itafanya kazi ya bodaboda katika vilima, haifai kuijaribu katika uwanja wa mpira. Ipandishwe mlima ikiwa na mtu nyuma.

Msomaji atatuuliza: je, basi, kila ashikaye hujua? La hasha. Watu wawili hukishika kiwele kimoja, mmoja akauhisi uvimbe, mwingine asihisi ila joto la ngozi. Mkono usiofunzwa hugusa wala usione. Katika sheria ya Kiislamu limetajwa biashara ya namna moja iliyokatazwa, iitwayo mulamasa: mnunuzi aliigusa nguo ikiwa imekunjwa, au aliigusa gizani, bila kuikunjua, na kule kuigusa tu ndiko kulikoifunga biashara, asiwe tena na nafasi ya kukataa. Kugusa huko kulikuwa ada tu, hakukuwa kukagua. Tukitazama vizuri tutaona kwamba mulamasa haijafa. Yuko apigaye teke gurudumu la gari, akafungua mlango na kuubamiza, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha akatoa fedha. Mkono wake umefanya ibada isiyo na maana, na ubaya wake ni kwamba umempa ujasiri asioustahili.

Kwa hiyo asiye na mkono uliofunzwa huazima. Wazee wetu hawakuona fedheha katika jambo hili. Kama vile hakuna aendaye kuposa peke yake bila mshenga, hakuna aliyekwenda kununua ng'ombe bila mjomba au jirani aliyezoea mifugo. Fikiria mjane aliyeweka akiba ili anunue cherehani iliyokwisha kutumika, apate kuwalisha wanawe kwa kushona sare za shule. Akienda peke yake ataipenda ile iliyopakwa rangi upya. Akienda na fundi, fundi hasemi sana. Huzungusha gurudumu polepole kwa mkono, akisikiliza. Hukunja kitambaa kizito mara nne akakishona, kisha hutazama upande wa chini, kwa kuwa upande wa juu huwa mwepesi wa kusifiwa. Akiona huko chini uzi umelegea na kufanya vitanzi, hataikataa cherehani palepale kama ambavyo angefanya mtu aliyesikia mahali kwamba vitanzi ni vibaya. Ataipitisha uzi upya, atarekebisha mkazo, na kushona tena. Vikiondoka, cherehani haikuwa na ila. Ilikuwa imetiwa uzi vibaya. Visipoondoka, ataanza kushuku vyuma vilivyolika. Kuijua kasoro ni nusu ya ujuzi. Nusu ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, ni kujua kasoro ipi yatengenezeka kwa bei ya chakula cha mchana na ipi haitengenezeki kabisa.

Mkono ulioazimwa ni amana. Hapa hatuna budi kusema wazi, maana jambo hili limeenea na watu hulichekea. Fundi aliyepokea kitu kidogo kwa siri kutoka kwa muuzaji ili aisifu cherehani mbovu, kwa maoni yetu, amefanya ubaya kuliko muuzaji mwenyewe. Mjane alijua kwamba muuzaji anatafuta faida, akajilinda naye. Ndiyo sababu alimleta fundi. Dhidi ya fundi hakuwa na kinga yoyote. Dalali anayejulikana kuwa dalali halaumiwi kwa ujira wake. Anayelaumiwa ni dalali aliyevaa kanzu ya mshauri.

Tumrudie muuzaji. Swali la wajibu wake ni la kale mno. Cicero, Mrumi, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Mtu auza nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake anazijua. Diogenes ashika kwamba muuzaji halazimiki kuyasema yote, na kwamba mnunuzi ana akili na macho yake. Antipater ashika kwamba kumwachia mtu aanguke kwa kutojua ni sawa na kumwona aliyepotea njia usimwonyeshe. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater, nasi twamfuata, ingawa twakiri kwamba sokoni wafuasi wa Diogenes ndio wengi.

Katika mapokeo yanayojulikana sana pwani yetu, Mtume Muhammad alipita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji alijitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wapate kuiona. Na ikanenwa kwamba mwenye ghashi hana nafasi katika jamaa ya waumini. Twawaomba wasomaji, wawe wa dini yoyote, waitazame hukumu hiyo ilivyo. Mkono ndio uliogundua, lakini wanunuzi hawakuambiwa kuanzia siku ile wazamishe mikono yao ndani zaidi. Muuzaji ndiye aliyetakiwa auinue unyevu mpaka juu.

Msamiati wetu una ushahidi wake hapa, nao unafaa kwa somo la asili za maneno. Katika vitabu vya fikihi kasoro ya bidhaa huitwa kwa neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi kuwa aibu. Na haki ya mnunuzi ya kuurudisha mkataba kwa sababu ya kasoro huitwa kwa neno lenye asili moja na hiari yetu. Nafaka iliyolowa ina aibu kwa maana ya kwanza, na mvua haina lawama. Ikifunikwa kwa nafaka kavu, aibu hiyo huhama kutoka katika gunia ikamwingia mtu.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 juu ya uuzaji wa bidhaa, ambayo ndiyo iliyozaa sheria za namna hiyo katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ilifuata njia nyingine. Ilimpa mnunuzi kinga fulani dhidi ya bidhaa mbovu za mfanyabiashara. Lakini iliongeza kwamba akiisha kuikagua bidhaa, kinga hiyo haizihusu tena kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Kwa wafanyabiashara wawili wenye ujuzi sawa kanuni hiyo yaeleweka. Kwa mjane na cherehani yake ni jambo la kutia wasiwasi, maana yule aliyeshika anaweza kujikuta na haki haba kuliko yule ambaye hakushika. "Si uliiona kwa macho yako?" ndiyo kauli ya muuzaji baada ya wiki. Sisi twasema kwamba kumwonyesha kitu mtu unayejua kabisa kuwa hawezi kukiona hakukuondolei deni la kumwambia.

Wala haifai wauzaji waaminifu waudhike na mkono wa mnunuzi. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala mashuhuri juu ya soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Alieleza kwamba wanunuzi wasipoweza kutenga kizuri na kibaya, huvitolea vyote bei ya katikati; bei hiyo haimtoshi mwenye kizuri, naye hukiondoa sokoni; vinabaki vibaya, na bei yazidi kushuka. Mwenye gari jema hana njia rahisi ya kujitetea kuliko kumwachia mteja alipeleke kwa fundi wake.

Lakini tumechelewa kuisoma methali yetu vizuri. Haisemi kitanda usichokishika, yasema usichokilalia. Kunguni hawaonekani mchana. Wao hujificha katika nyufa za mbao, na mtu aweza kukipapasa kitanda saa sita za mchana, akakibonyeza godoro, asiwaone hata mmoja. Kwa hiyo methali haimsifu mkaguzi wa dakika tano. Inamtaka mtu awe na kitu hicho katika saa zake mbaya. Kiwanja karibu na kinamasi, hapa kwetu kusini mwa Uganda, mwezi wa Januari ni kikavu na watoto wanacheza mpira juu yake. Nenda mwezi wa Aprili. Kama huwezi kungoja Aprili, nenda kwa wale waliokwisha kukilalia kitanda hicho, yaani majirani, ukawaulize maji hufika wapi na mpaka uko wapi, na nani mwingine amewahi kuonyeshwa kiwanja hicho hicho na kukilipia arubuni. Hapo sikio, tulilolidharau mwanzoni, larudi katika heshima yake. Ila si sikio la kumsikiliza muuzaji. Na mwenye kutaka shamba hufanya vizuri zaidi akilikodi kwa msimu mmoja, alime kwa jembe lake, kabla ya kutaja neno la kununua.

Na yule mchagua jembe? Naye ana lake. Kuna wema wa kitu ambao haumo dukani kabisa. Mpini wa jembe hulainishwa na kiganja cha mwenyewe, na makali hutoka katika jiwe la kunolea. Mtu anayengoja jembe lisilo na kasoro anaipoteza mvua ya kwanza, na hasara ya mvua ya kwanza hairudishwi na jembe lolote. Ukaguzi hauna budi uwe na mwisho, nasi hatujui kanuni iwezayo kusema mwisho huo uko wapi. Ajuaye ni mkulima aliyekwisha kuyaona mawingu.

Limebaki jambo moja linalotugusa sisi walimu, nalo ni kununua kwa mkono wako kitu ambacho kitatumiwa na mikono ya wengine. Vitabu vya shule huagizwa mara nyingi kwa kutazama orodha ya majina na bei, na siku hizi kwa picha katika simu. Shuleni kwetu tulikuwa na fedha za kamusi arobaini, zilizochangwa na wazazi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na kurudiwa baadaye, kila mwalimu alikuwa na nakala yake. Lakini tuliyokuwa tukiifikiria ilikuwa nyingine, ndogo zaidi na ya bei nafuu, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi. Walimu tuliipekua, tukatafuta maneno kumi magumu, tukayapata yote. Ndipo mmoja wetu aliposhauri kwamba inunuliwe nakala moja tu, wapewe kidato cha pili waitumie wiki mbili.

Ilirudi na habari ambazo sisi tusingeziona. Watoto walikuwa wamelitafuta neno "wamempiga" katika herufi W, wasilipate, kwa kuwa hawakujua bado kulivua kitenzi viambishi vyake, na dibaji ya kamusi haikuwa na neno lolote la kuwasaidia. Jalada lilikuwa limeachana na karatasi, maana zilikuwa zimegandishwa kwa gundi bila kushonwa. Basi tukachagua kamusi nyingine, iliyoshonwa na yenye maelezo ya kutosha kwa mwanafunzi anayeanza. Ni ghali zaidi, na fedha zile zile zilitosha nakala thelathini na mbili tu. Katika chumba cha walimu bado hatujakubaliana kama ilikuwa haki kuwaacha watoto wanane bila kamusi ili wale wengine wapate iliyo imara.